Namba za Utambulisho Zinapoisha Kwenye Hifadhidata: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya waandishi wa programu na wasimamizi wa hifadhidata ambao majedwali yao yana safuwima ya id inayojiongeza yenyewe, yaani karibu wote. Mifano mingi ni ya MySQL na PostgreSQL kwa sababu ndizo zinazotumika zaidi katika kazi za kawaida, lakini mifumo mingine imetajwa pale inapotofautiana kwa namna inayostahili kujulikana. Neno safumlalo limetumika kwa rekodi moja ya jedwali, na safuwima kwa sehemu moja ya rekodi hiyo, kama vile jina, tarehe au id.

Namba hazina mwisho. Zinaishaje?

Namba hazina mwisho, ila nafasi iliyotengwa kuzihifadhi inao. Safuwima ya aina ya INT hupewa baiti 4, yaani biti 32. Biti moja hutumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, zikabaki 31 za kuhesabia, na kwa hiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuingia humo ni 2,147,483,647. MySQL inaruhusu pia INT isiyo na hasi, ambayo hufika 4,294,967,295. PostgreSQL haina aina hiyo. Chini ya INT kuna SMALLINT inayoishia 32,767 na, kwa watumiaji wa MySQL, MEDIUMINT inayoishia 8,388,607, au 16,777,215 ikiwa haina hasi. Juu yake kuna BIGINT ya baiti 8, ambayo kikomo chake ni 9,223,372,036,854,775,807.

Aliyeunda jedwali mwaka wa kwanza wa mradi, akiwa na wateja kumi na wawili, aliona bilioni mbili kuwa sawa na milele. Mara nyingi hakuchagua hata yeye. Zana aliyoitumia ndiyo iliyomchagulia. Ruby on Rails iliendelea kuunda funguo (safuwima za id zinazotambulisha kila safumlalo) za INT hadi toleo la 5.1 la mwaka 2017, Laravel ilihamia BIGINT mwaka 2019 katika toleo la 5.8, na miradi mipya ya Django ilianza kupewa funguo za baiti 8 kuanzia toleo la 3.2 la mwaka 2021. Mfumo uliozaliwa kabla ya tarehe hizo, hata ukiwa umesasishwa mara ishirini tangu hapo, una uwezekano mkubwa wa kubeba funguo za zamani, kwa kuwa kusasisha zana hakubadilishi majedwali yaliyokwisha kuundwa.

Jedwali langu limeandikwa INT(11). Je, si ina maana kwamba linaweka tarakimu 11?

Hapana. Namba iliyo kwenye mabano ilikuwa upana wa kuonyesha tu, na haikuwahi kugusa kiasi kinachohifadhiwa. INT(11), INT(5) na INT tupu zote huishia pale pale kwenye bilioni 2.1. MySQL yenyewe ilianza kuuacha mtindo huo katika toleo la 8.0.17, baada ya kuwapotosha watu kwa miaka mingi.

Siku namba zikiisha hutokea nini hasa?

Wengi hudhani kaunta itazunguka na kuanza upya, kama ile ya kilomita kwenye dashibodi ya gari kuukuu ambayo ikifika 99999 hurudi kwenye sifuri. Kwa bahati nzuri hifadhidata nyingi hazifanyi hivyo, hugoma. Namna ya kugoma ndiyo hutofautiana, na kuitambua mapema kunaweza kukuokolea saa nzima ya kutafuta kosa mahali lisipo.

MySQL ikishatoa 2,147,483,647 hubaki hapo hapo. Safumlalo inayofuata hupewa namba ile ile, na kwa kuwa tayari ipo, jibu huwa ni kosa namba 1062, yaani ingizo linalojirudia kwenye ufunguo msingi. Ujumbe huu unapotosha, kwa sababu msomaji huanza kutafuta ni programu ipi inayotuma data mara mbili, ilhali hakuna. Ukiona 1062 na thamani inayotajwa ni 2147483647, usitafute zaidi. PostgreSQL husema wazi zaidi: ama kwamba mfuatano (kaunta inayotoa namba) umefikia thamani yake ya juu, ama kwamba namba imevuka mipaka ya integer, kutegemea jinsi mfuatano ulivyoundwa. SQL Server hutoa kosa 8115 la kufurika kwa hesabu, na Oracle hutoa ORA-08004.

SQLite ina tabia yake. Id zake ni za biti 64, na ikitokea kubwa kuliko zote imekwisha kutumika, hujaribu kuokota namba kwa bahati nasibu hadi ipate iliyo wazi. Ukiwa umeandika AUTOINCREMENT, haifanyi hivyo. Hukataa na kusema hifadhidata imejaa.

Kumbuka kwamba katika hali zote hizi usomaji unaendelea kama kawaida. Kurasa zinafunguka, ripoti zinatoka, na vipimo vya seva havionyeshi shida yoyote. Kinachokufa ni uingizaji wa safumlalo mpya katika jedwali hilo moja, na kama ni jedwali linaloandikwa ndani ya kila muamala (kundi la amri zinazofaulu au kushindwa pamoja), kwa mfano kumbukumbu za matukio, basi kila muamala hubatilishwa pamoja nalo.

Hakuna kabisa mahali ambapo kaunta huzunguka?

Yapo mawili ya kukumbuka. PostgreSQL na Oracle huruhusu mfuatano kuundwa kwa neno CYCLE, ambalo huuagiza urudi mwanzo ukifika mwisho. Usilitumie kwenye ufunguo msingi. La pili limejificha. Jedwali la InnoDB, injini ya kawaida ya kuhifadhi data ya MySQL, lisilo na ufunguo msingi wala faharasa ya pekee (unique index) isiyoruhusu thamani tupu hupewa kwa siri namba ya baiti 6, na kaunta ya namba hizo ni moja kwa majedwali yote ya aina hiyo kwenye seva. Kikomo chake ni zaidi ya trilioni 281, hivyo si rahisi kukifikia, lakini ikikifikia huanza tena chini, na safumlalo mpya huandikwa juu ya ile ya zamani bila ujumbe wowote. Mfumo unaogoma utakuamsha usiku. Unaofuta kimya kimya utakuacha ulale, na mimi namchagua wa kwanza bila kusita.

Jedwali langu lina safumlalo milioni 50 tu. Kuna cha kuhofia?

Huenda kipo, na hapa ndipo watu wengi hupimia kitu kisichohusika. Kinachoisha ni namba zilizotolewa, na namba hutolewa hata pale ambapo hakuna safumlalo iliyobaki. Muamala ukibatilishwa, namba yake hairudi. Safumlalo ikifutwa, namba yake hairudi. Seva ya SQL Server ikizimika ghafla, kuanzia toleo la 2012, safuwima ya INT inaweza kuruka namba hadi 1,000 kwa mkupuo, na ya BIGINT hadi 10,000. Katika kundi la Galera (seva za MySQL zinazoshirikiana data) lenye seva tatu, kaunta kwa kawaida huongezeka kwa hatua za tatu tatu ili seva zisigongane, hivyo data ikiingilia kwenye seva moja tu, namba mbili katika kila tatu hazitumiki kamwe.

Mlaji mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ni amri za kuingiza-au-kupuuza: INSERT IGNORE na ON DUPLICATE KEY UPDATE kwa MySQL, ON CONFLICT kwa PostgreSQL. Hifadhidata huchukua namba kwanza, kisha ndipo hugundua kwamba safumlalo hiyo ipo tayari kwa kigezo kingine, kama vile namba ya risiti. Namba iliyokwisha kuchukuliwa hutupwa.

Chukua programu inayovuta orodha ya malipo kutoka mfumo mwingine kila dakika, safumlalo 2,000 kila mara, ambapo 1,950 zilishaingizwa awali na 50 tu ndizo mpya. Kwa siku jedwali linaongezeka kwa safumlalo 72,000, jambo ambalo halimtishi mtu. Kaunta, kwa upande wake, inaongezeka kwa 2,880,000. INT itaisha baada ya siku 745, miaka miwili na siku chache, na siku hiyo jedwali litakuwa na safumlalo zipatazo milioni 54. Aliyekuwa akiangalia COUNT(*) kila mwezi ataapa kwamba nafasi ilikuwa tele, na hesabu yake itakuwa sahihi, ila ni hesabu ya kitu kingine.

Kwa nini basi hifadhidata isiyajaze mapengo hayo?

Kwa sababu kaunta ni ya haraka kwa kuwa haitazami nyuma. Miamala mia moja inayoingia kwa pamoja hupewa namba mia moja bila kusubiriana. Kama kila mmoja ungelazimika kutafuta pengo na kulifungia wenzake hadi umalize, kasi ingepotea.

Kuna sababu nyingine, nayo naiona kuwa nzito zaidi. Namba ya utambulisho hutoka nje ya jedwali. Imeandikwa kwenye risiti, kwenye barua pepe, kwenye kumbukumbu za seva, kwenye nakala rudufu za mwaka juzi. Mteja 4512 akifutwa na mwingine akapewa 4512, malalamiko ya wa kwanza yatafunguka kwenye akaunti ya wa pili. Hili lilitokea kwa kiasi fulani katika MySQL kabla ya toleo la 8.0, kwa sababu InnoDB iliiweka kaunta kwenye kumbukumbu ya muda, na seva ikizimwa ilihesabu upya kuanzia id kubwa iliyopo. Ukifuta safumlalo za mwisho kisha ukawasha seva upya, namba zake zilitolewa tena. Kosa hilo liliripotiwa mwaka 2003 na likasubiri hadi toleo la 8.0 kurekebishwa.

Nimekuta 2147483647 kwenye safuwima ya namba za simu, kwa mamia ya wateja. Inahusiana na hili?

Ni kikomo kile kile kimejitokeza kwa mlango mwingine, na katika ukanda wetu hukutwa mara kwa mara kiasi cha kustahili jibu lake. Aliyeunda jedwali aliihesabu simu kuwa namba, akaipa INT. Namba iliyoandikwa kienyeji, ikianza na 07, huingia bila kosa: sifuri ya mbele hudondoka, zikabaki tarakimu tisa, nazo hazifiki bilioni. Kisha siku moja mfumo unaunganishwa na huduma ya ujumbe mfupi inayotaka 255 au 254 mwanzoni, namba zinakuwa na tarakimu 12, na MySQL isiyo katika hali kali (ile inayokataa thamani zisizofaa) hubana kila moja hadi kwenye kikomo. Wateja wote wapya wanapata simu moja. Hali kali ni ya kawaida tangu toleo la 5.7, ingawa wapo wanaoizima ili programu kuukuu isilalamike. Namba za awali hazitarudi kutoka kwenye safuwima hiyo. Zitafute kwenye kumbukumbu za programu au fomu za usajili, kisha hifadhi simu kama maandishi.

Je, yamewahi kuwapata watu wanaojua kazi yao?

Ndiyo. Mnamo Novemba 2006 tovuti ya Slashdot ilivuka maoni 16,777,216, na mpangilio wa majibu chini ya maoni ukazimwa kwa saa kadhaa. Wasimamizi wake walieleza kwamba miaka takriban mitano kabla walishapanua ufunguo msingi wa jedwali la maoni kuwa INT isiyo na hasi. Walichosahau ni safuwima iliyohifadhi namba ya oni linalojibiwa, ambayo ilibaki MEDIUMINT. Safuwima kuu ilikuwa na nafasi ya mabilioni. Jirani yake ndiye aliyejaa.

Tarehe 8 Novemba 2018 ilikuwa zamu ya Basecamp, kampuni ya programu za kusimamia miradi. Jedwali lake la matukio lilifika 2,147,483,647, na toleo la Basecamp 3 likawa la kusoma tu kwa karibu saa tano, hadi safuwima ilipopanuliwa. Kejeli iliyomo ni kwamba kampuni hiyo ndiyo chimbuko la Ruby on Rails, zana iliyokuwa imebadilisha chaguo lake la kawaida kuwa BIGINT mwaka mmoja kabla. Dawa ilikuwa jikoni kwao. Jedwali lilikuwa limeundwa kabla ya dawa.

Nikishapanua ufunguo msingi kuwa BIGINT, nimemaliza?

Bado, kama Slashdot walivyogundua. Kila safuwima inayobeba id hiyo lazima ipanuliwe: funguo za nje (safuwima zinazoelekea id ya jedwali jingine), majedwali ya kuunganisha, majedwali ya ukaguzi, na zile safuwima ambazo hazikutangazwa kuwa ufunguo wa nje ingawa kila mtu ofisini anajua ndivyo zilivyo. MySQL huzilazimisha funguo za nje ziwe na ukubwa ule ule na ile zinayoielekea, kwa hiyo zilizotangazwa utazikuta zikikuzuia. PostgreSQL huruhusu integer ielekee bigint, hivyo inaweza kukaa kimya hadi id ya kwanza iliyozidi bilioni 2.1 itakapojaribu kuingia kwenye jedwali la mtoto.

PostgreSQL ina mtego mwingine. Tangu toleo la 10, safuwima iliyoundwa kwa serial (aina ya PostgreSQL ya id inayojiongeza) huja na mfuatano wa aina ya integer, na kubadilisha aina ya safuwima hakubadilishi mfuatano huo. Utakuwa na safuwima pana inayolishwa na kaunta finyu, na kosa litatokea siku ile ile ambayo lingetokea. Ongeza amri hii:

ALTER SEQUENCE oda_id_seq AS bigint;

Halafu kuna msimbo wenyewe. Programu ya Java iliyotumia int badala ya long, au ujumbe uliotangazwa int32, itafurika upande wake hata kama hifadhidata ni salama. Mnamo Juni 2009 namba za twiti zilivuka 2,147,483,647. Twitter yenyewe ilikuwa imejiandaa, lakini baadhi ya programu za watu wengine zilizosoma namba hizo ziliharibika. JavaScript nayo huhesabu namba kamili kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991 tu, na zaidi ya hapo tarakimu za mwisho huanza kubadilika zenyewe bila kosa kuonekana. Twitter ilipoanza kutoa namba ndefu za biti 64 zilizojengwa juu ya muda, ililazimika kutuma kila id mara mbili, mara moja kama namba na mara moja kama maandishi.

Nitajuaje nimebakiza kiasi gani?

Katika MySQL angalia sys.schema_auto_increment_columns, ambayo huorodhesha kila safuwima inayojiongeza, kikomo chake, kaunta ilipofika, na uwiano wa vyote viwili. Tahadhari moja: katika toleo la 8.0 thamani ya kaunta iliyomo kwenye information_schema inaweza kuwa ya zamani kwa hadi saa 24, kwa sababu takwimu hizo huhifadhiwa kwa muda. Kwa jedwali lililo karibu na kikomo, weka information_schema_stats_expiry kuwa 0 kabla ya kuuliza. Katika PostgreSQL soma last_value kwenye pg_sequences, na uilinganishe na kikomo cha safuwima, si kikomo cha mfuatano peke yake, maana mifuatano iliyoundwa kabla ya toleo la 10 hudai kwamba inaweza kufika kwenye quintilioni 9 ilhali safuwima inaishia bilioni mbili.

Asilimia peke yake haitoshi. Jedwali lililotumia asilimia 60 kwa miaka kumi lina muda. Lililotumia asilimia 60 kwa miezi mitano halina. Rekodi kaunta kila siku na ukokotoe siku zilizobaki kwa kasi ya mwezi uliopita. Namba 10 kwa sekunde humaliza INT kwa takriban miaka 6.8; namba 100 kwa sekunde huimaliza kwa siku 248. Kizingiti changu ni mwaka mmoja: jedwali lililobakiza chini ya hapo linaingia kwenye mpango wa kazi, hata kama asilimia yake inaonekana ndogo.

Tumeshafika mwisho na mfumo umesimama. Tufanye nini leo?

Kwanza, usifute safumlalo za zamani kwa matumaini ya kupata nafasi. Kaunta haitazirudia, na utakuwa umepoteza data bure. Pili, usikimbilie kubadilisha aina ya safuwima kabla ya kujua itachukua muda gani. MySQL italazimika kunakili jedwali zima huku imezuia uandishi, na PostgreSQL italiandika upya huku imezuia hata usomaji. Kwa jedwali la safumlalo bilioni kadhaa hayo ni masaa, na nafasi ya diski ya nakala ya pili lazima iwepo.

Kama jedwali ni la kumbukumbu, yaani linaandikwa zaidi kuliko linavyosomwa, na hakuna funguo za nje zinazoliegemea, kuna njia ya dakika chache: unda jedwali tupu lenye muundo ule ule na id ya BIGINT, weka kaunta yake ianzie juu ya bilioni 2.2, kisha ubadilishane majina kwa amri moja ya RENAME TABLE. Uandishi unaendelea mara moja, na data ya zamani unaihamisha taratibu nyuma yake.

PostgreSQL na SQL Server zina njia ya mkato ya kuchekesha kidogo: nusu nzima ya namba, zile hasi, haijawahi kuguswa. Unaweza kuuelekeza mfuatano wa PostgreSQL uanze kwenye -1 na kushuka, au kuianzisha upya IDENTITY ya SQL Server kwenye -2,147,483,648 na kuiacha ipande. Hiyo ni bilioni mbili nyingine kwa sekunde chache. Gharama yake ni kwamba kila mahali palipopanga kwa id ili kupata rekodi za karibuni patatoa majibu yasiyo sahihi, na msimbo wowote uliochukulia id hasi kuwa ishara ya kosa utakataa data halali. Itumie kununua wiki chache, si zaidi.

Na kama bado tuna muda, tunapanuaje bila kuuzima mfumo?

Kwa MySQL, zana za gh-ost na pt-online-schema-change hufanya kazi hiyo: hujenga jedwali kivuli lenye safuwima pana, hunakili data vifungu kwa vifungu, hufuatilia mabadiliko yanayoingia wakati huo, na mwishoni hubadilishana majina. Funguo za nje huzitatiza zote mbili, kwa hiyo zishughulikie kabla.

Kwa PostgreSQL unaweza kuifanya kwa mkono. Ongeza safuwima mpya ya bigint isiyo na thamani ya kuanzia, jambo ambalo ni la papo hapo. Weka triga (amri inayojiendesha data inapobadilika) inayonakili id kwenda kwenye safuwima hiyo kwa kila safumlalo inayoingia au kubadilishwa. Jaza za zamani kwa mafungu ya elfu chache chache, ukiacha mapumziko ili autovacuum (usafishaji wa kiotomatiki wa PostgreSQL) ipate kufuata nyuma. Jenga faharasa ya pekee kwa CONCURRENTLY. Ongeza sharti la kukataa thamani tupu likiwa NOT VALID, kisha ulithibitishe. Hatua ya mwisho, ya kubadilishana majina, kuhamisha ufunguo msingi na kuuelekeza mfuatano, hufanyika katika muamala mmoja mfupi. Weka lock_timeout ya sekunde chache kabla yake: amri inayosubiri kufuli nyuma ya ripoti ndefu huzuia kila aliye nyuma yake, na foleni hiyo peke yake inaweza kuangusha mfumo ambao namba zake hazijaisha.

Kutumia BIGINT kila mahali si kupoteza nafasi?

Ni baiti 4 za ziada kwa safumlalo, yaani gigabaiti 4 kwa safumlalo bilioni moja, pamoja na faharasa. Katika InnoDB kila faharasa ya ziada hubeba nakala ya ufunguo msingi, hivyo zidisha kwa idadi ya faharasa. Jedwali lisilofika bilioni haliioni gharama hiyo, na linalofika bilioni ndilo linaloihitaji. Majedwali ya orodha fupi, kama ya mikoa au aina za malipo, yaache na SMALLINT yake.

BIGINT nayo itaisha?

Kwa namba milioni moja kila sekunde, bila kusimama, itachukua takriban miaka 292,000.

Je, UUID si suluhisho bora?

UUID, kitambulisho kirefu cha biti 128, ni suluhisho la tatizo jingine: kutoa id kwenye mashine nyingi zisizowasiliana, au kuficha idadi ya wateja kwa mtu anayesoma anwani ya ukurasa. Huchukua baiti 16, maradufu ya BIGINT, na toleo la 4, lenye biti 122 za nasibu, hutawanya maingizo kila kona ya faharasa, hivyo kurasa nyingi zaidi za diski huguswa kwa kila kundi la data. Toleo la 7, lililowekwa kwenye kiwango cha RFC 9562 mwezi Mei 2024, huanza na muda wa milisekunde na hivyo hujipanga lenyewe kwa mfuatano. Ukihitaji UUID kwa sababu zake, chukua hilo. Ukiwa unakimbia tu kikomo cha INT, BIGINT inatosha na ni rahisi kuisoma kwa simu mteja anapopiga kulalamika.

Nasikia PostgreSQL huishiwa namba hata kwenye jedwali lenye BIGINT. Ni kweli?

Ni kweli, ila ni namba nyingine. Kila muamala unaoandika hupewa namba ya biti 32, na hizo huzunguka. Mchakato wa autovacuum hugandisha safumlalo za zamani ili mzunguko usizifanye zionekane kama za wakati ujao. Ukikwama, PostgreSQL hutoa maonyo kwenye kumbukumbu zake, na hatimaye hukataa miamala mipya ya kuandika ili kulinda data. Sentry, huduma ya kufuatilia makosa ya programu, ilikumbwa na hali hiyo mwaka 2015, na huduma ya barua pepe ya Mandrill mnamo Februari 2019. Kupanua safuwima hakusaidii chochote hapo; fuatilia umri wa datfrozenxid (namba ya muamala ambayo zote zilizoitangulia zimeshagandishwa) kwa kila hifadhidata.

Ninaweza kulijaribu hili bila kusubiri miaka?

Unaweza, na ni kazi ya mchana mmoja. Kwenye seva ya majaribio andika:

ALTER TABLE oda AUTO_INCREMENT = 2147483640;

Kisha ingiza oda kumi kupitia programu yenyewe, si kwa amri ya mkono, na uangalie ni ujumbe gani unamfikia mteja. Saba za kwanza na ya nane zitapita. Ya tisa itakwama. Baada ya kupanua, rudia ukianzia bilioni 3, halafu ukianzia juu kidogo ya 9,007,199,254,740,991 ili kuiona JavaScript ikibadilisha tarakimu za mwisho. Timu nyingine huziacha kaunta za seva ya majaribio zikae juu ya bilioni 3 daima, ili int yoyote mpya itakayoingizwa kwenye msimbo ivunjike mbele ya aliyeiandika, siku ile ile aliyoiandika.